Magugu yenye thamani: hesabu ambayo mkulima hajaiandika

Msimu wa masika unapoanza, mkulima mdogo wa mahindi hutenga fedha kwa ajili ya mambo manne makubwa, ambayo ni kulima, mbegu, mbolea na palizi. Kwa mashamba mengi yanayolimwa kwa jembe la mkono, palizi ndiyo inayokula nguvu kazi nyingi zaidi. Katika daftari la mkulima, kama analo, palizi huandikwa upande mmoja tu, yaani upande wa gharama. Kile kinachong'olewa hakiandikwi popote. Hurundikwa kando ya shamba, hukauka kwa jua na huishia hapo.

Siku hiyo hiyo, kilomita chache kutoka shambani, sehemu ya mimea ile ile inauzwa sokoni kwa mafungu. Mnafu, mgagani, mlenda wa kujiotea, mchicha pori na mchunga ni bidhaa zinazofahamika katika masoko ya Arusha, Moshi, Tanga, Mwanza na Dar es Salaam. Wapo walaji wanaozitafuta, na wapo akina mama wanaosomesha watoto kwa biashara hiyo. Maana yake ni kwamba mkulima analipa kibarua ili atupiwe kitu ambacho mtu mwingine yuko tayari kukilipia.

Suala hili linaweza kuonekana dogo. Hata hivyo, wakati huu ambapo dawa za kuua magugu zinazidi kuingia katika mashamba ya wakulima wadogo, uamuzi wa nini kiuawe na nini kiachwe unafanywa haraka kuliko zamani, na mara nyingi unafanywa bila hesabu kamili. Gharama ya kosa hilo haiwaangukii wote sawasawa.

Gugu ni nini hasa?

Wataalamu wa kilimo hueleza gugu kuwa ni mmea wowote ulioota mahali ambapo mkulima hautaki. Kwa maelezo hayo, ugugu wa mmea hautokani na maumbile yake. Unatokana na mahali ulipoota, wakati ulipoota na soko lililopo. Mhindi uliojiotea katikati ya shamba la maharage ni gugu, ingawa hakuna anayeuchukia mhindi.

Mfano mzuri ni ukoo wa mchicha. Nchini Marekani kuna mchicha mwitu unaojulikana kwa jina la kitaalamu Amaranthus palmeri, ambao ni miongoni mwa magugu yanayowasumbua zaidi wakulima wa pamba na soya. Mwaka 2005 ilithibitika katika jimbo la Georgia kwamba mmea huo umekuwa sugu kwa dawa ya glaifosati, na tangu hapo wakulima wa huko wamelazimika kutumia fedha nyingi zaidi kupambana nao. Nduguze wa Afrika Mashariki nao huota kwa kasi na humwaga mbegu nyingi, lakini huku huchumwa, hufungwa na kupelekwa sokoni. Tofauti kubwa iko kwa mlaji.

Zipo pia sababu za kibaiolojia zinazofanya baadhi ya magugu yawe mboga nzuri. Mchicha na mgagani hutengeneza chakula chao kwa njia ile ile inayotumiwa na mahindi na mtama, njia inayostahimili joto kali na kutumia maji kwa uangalifu. Hukua upesi. Mgagani unaweza kuanza kuchumwa wiki nne hadi sita baada ya kuota, wakati mahindi bado yana miezi kadhaa kabla ya kukomaa. Sifa hizo zinazoufanya mmea uwe msumbufu shambani ndizo zinazoufanya uwe chakula cha kwanza mvua zinapoanza, wakati ghala la kaya nyingi limekwisha au linakaribia kwisha.

Lushoto ilikwisha kuonyesha

Jambo hili si geni kwa wanaoishi vijijini. Mwaka 1979 mtafiti Anne Fleuret alichapisha utafiti alioufanya Lushoto, katika milima ya Usambara, kuhusu nafasi ya majani ya kujiotea katika chakula cha Wasambaa. Lushoto ni eneo linalosifika kwa kabichi, karoti na mboga nyingine za kizungu zinazopelekwa Tanga na Dar es Salaam. Pamoja na hayo, utafiti ulionyesha kwamba majani ya kujiotea yalikuwa na nafasi kubwa sana katika milo ya kila siku ya wenyeji. Mboga za kizungu zilikuwa za kuuza.

Kwa mchumi, habari hiyo ina maana mbili. Kwanza, mkulima wa Lushoto alikuwa anaweza kuuza kabichi karibu yote kwa sababu alikuwa na mboga nyingine isiyomgharimu fedha. Magugu yalikuwa yanaigharimia biashara ya kabichi bila kuonekana kwenye hesabu yoyote. Pili, mboga hizo zikitoweka, kaya italazimika ama kula sehemu ya kabichi iliyokuwa ya kuuza, ama kununua mboga, ama kula ugali kwa chumvi. Njia zote tatu ni hasara, na hakuna takwimu za mauzo zitakazoionyesha.

Upande wa lishe nao una uzito wake. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 na asilimia 58 ya watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Upungufu wa damu una vyanzo vingi, ikiwamo malaria na minyoo, na si haki kudai kwamba fungu la mnafu litautibu. Lakini majani ya kijani kibichi ni chanzo cha madini ya chuma, vitamini A na foliki asidi kwa kaya ambazo nyama ni ya sikukuu. Wataalamu wa lishe hushauri mboga hizo ziliwe pamoja na kitu chenye vitamini C, kama limau au nyanya, kwa sababu madini ya chuma yatokayo kwenye majani hayafyonzwi na mwili kwa urahisi kama yale ya nyama.

Nairobi ilivyobadili bei

Wanaodhani kwamba mboga za namna hii ni chakula cha njaa tu wanaweza kujifunza kwa majirani. Nchini Kenya, mnafu huitwa managu na mgagani huitwa saga. Kwa miaka mingi watu wa mjini walivionea aibu vyakula hivyo na kuviona vya kijijini, wakapendelea sukuma wiki na kabichi. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya akiwamo Patrick Maundu, pamoja na taasisi za kimataifa za uhifadhi wa mbegu, walifanya kazi ya kukusanya mbegu, kupima virutubisho, kuandika mapishi na kuwatangazia walaji. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta alijenga jina lake kwa utafiti wa mboga hizo, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunuku tuzo ya sayansi ya Kwame Nkrumah.

Matokeo yake ni kwamba managu na saga ziliingia kwenye rafu za maduka makubwa ya Nairobi na kwenye orodha za vyakula vya hoteli. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiorodhesha kazi hiyo ya Kenya ya kuhuisha vyakula vya asili kuwa mfano mzuri wa kuhifadhi urithi. La kuzingatia kwa mfanyabiashara ni kwamba mmea wenyewe haukubadilika. Kilichobadilika ni taarifa aliyokuwa nayo mlaji, usafi wa bidhaa na uhakika wa kupatikana kwake.

Tanzania nayo haikuanzia sifuri. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, ambacho sasa kinaitwa World Vegetable Center, kilifungua ofisi yake ya Afrika mkoani Arusha mwaka 1992, na kimekuwa kikifanya kazi kwa karibu na taasisi ya utafiti wa kilimo cha bustani ya Tengeru. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2011 zilitolewa rasmi aina bora za mnafu zinazoitwa Nduruma na Olevolosi, na za mchicha zinazoitwa Madiira 1 na Madiira 2. Hayo ni majina ambayo mkulima wa Arumeru anayatambua mara moja. Hivyo mmea uliokuwa unang'olewa katika kahawa na migomba umepata cheti cha mbegu, matuta yake, mbolea yake na mnunuzi wake.

Hesabu ya ekari moja

Pamoja na yote hayo, mkulima mwenye busara atauliza swali moja tu: inalipa? Jibu linategemea namna hesabu inavyofanywa.

Chukulia mfano wa ekari moja ya mahindi. Namba zifuatazo ni za kufundishia tu, na kila mkulima aweke za eneo lake. Vibarua wa palizi ya kwanza wanalipwa shilingi 45,000. Kabla hawajaingia, mwanamke mmoja anapita shambani asubuhi na kuchuma mnafu na mchicha uliojiotea, akapata mafungu 60 yanayouzwa kwa shilingi 300 kila moja. Mauzo ni shilingi 18,000. Toa ujira wa kuchuma shilingi 5,000, na nauli, kamba na ushuru wa soko shilingi 4,000. Kinachobaki ni shilingi 9,000, sawa na asilimia 20 ya gharama ya palizi. Si utajiri, lakini ni punguzo ambalo hakuna duka la pembejeo litakalolitoa.

Sasa igeuze hesabu. Mkulima akivutiwa na shilingi hizo na kuchelewesha palizi ili mboga ziongezeke, mahindi yataumia, kwa sababu kipindi ambacho mahindi hudhurika zaidi na magugu ni wiki za mwanzo za ukuaji wake. Kama kuchelewa huko kutapunguza mavuno kwa debe moja tu lenye kilo 18, na bei ya mahindi ni shilingi 600 kwa kilo, hasara ni shilingi 10,800. Faida ya mboga imekwisha na shilingi 1,800 zimedaiwa zaidi.

Fundisho hapa ni kwamba gugu lenye faida lisiamue tarehe ya palizi. Mboga zichumwe siku ya palizi au siku moja kabla yake, na palizi ifanyike kwa wakati. Anayeona kwamba soko ni kubwa kuliko kile kinachojiotea afanye jambo jingine: atenge matuta machache karibu na maji, anunue mbegu au akusanye zake, na alime mboga hiyo kama zao kamili. Kwa mgagani, aliyekusanya mbegu mwenyewe asishangae zikigoma kuota zikiwa mpya, kwani mbegu zake huwa na usingizi na huota vizuri zaidi zikihifadhiwa miezi kadhaa. Mmea unapoanza kutoa maua, kuyakata huongeza muda wa kuchuma majani.

Mbolea ya kando ya barabara

Faida ya magugu haiishii kwenye sufuria. Alizeti pori, ule mmea wenye maua ya njano unaoota kwa wingi kando ya barabara na mipakani mwa mashamba katika nyanda nyingi za juu, asili yake ni Mexico na nchi jirani. Watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya miaka ya 1990 waligundua kwamba majani yake yana virutubisho vingi kuliko majani mengi ya mimea mingine. Yakikaushwa huwa na takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni, asilimia 0.37 ya fosforasi na asilimia 4.1 ya potasiamu, na yakifukiwa mabichi huoza haraka.

Hapa pia kalamu ni muhimu kuliko shauku. Tani 2 za majani makavu kwa ekari hutoa kilo 70 za naitrojeni, ambazo ni sawa na zile zilizomo katika mifuko mitatu ya urea ya kilo 50. Lakini majani mabichi yana maji kiasi cha asilimia 80. Ili kupata tani 2 kavu lazima zikatwe na kubebwa tani 10 mbichi. Kwa mzigo wa kichwani wa kilo 25, hiyo ni mizigo 400. Kama mfuko wa urea unauzwa shilingi 70,000, mizigo hiyo 400 imeokoa shilingi 210,000, yaani shilingi 525 kwa kila mzigo. Mtu anayeweza kukata na kubeba mizigo kumi kwa siku atakuwa amejilipa shilingi 5,250. Kama kibarua cha eneo hilo ni zaidi ya hapo, ni nafuu kununua urea. Kama ni chini ya hapo, au kama fedha taslimu haipo kabisa, alizeti pori inalipa.

Kwa sababu hiyo wengi waliofanikiwa nayo hawakuitumia katika mahindi ya ekari nyingi. Waliitumia katika bustani ya nyanya, kabichi au sukuma wiki iliyo karibu na ua ulioota mmea huo, ambapo umbali wa kubeba ni mfupi na bei ya zao ni kubwa. Aidha, kwa kuwa fosforasi yake ni kidogo, watafiti mkoani Morogoro waliijaribu pamoja na mbolea ya mawe ya fosfati kutoka Minjingu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba mchanganyiko huo huongeza fosforasi inayopatikana kwa mmea na mavuno ya mahindi. Gugu la njiani na jiwe la Minjingu, vyote vya nyumbani, vinasaidiana. Hilo lilipata uzito mpya mwaka 2022, bei ya mbolea ya kiwandani ilipopanda duniani kote na serikali ikalazimika kuanzisha ruzuku kwa msimu wa 2022/23.

Mgagani nao umeonyesha kazi ambayo wengi hawaitarajii. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba harufu ya mmea huo hufukuza kupe. Utafiti mwingine wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba ukipandwa katikati ya mawaridi hupunguza utitiri mwekundu, mdudu anayewagharimu sana wakulima wa maua ya kuuza nje. Mmea ambao mkulima wa mahindi anaulipia ung'olewe, mkulima wa mawaridi anaweza kuona faida kuupanda.

Si kila gugu lina faida

Ni hatari kugeuza jambo hili kuwa ushabiki. Ndago, sangari na kiduha vinaendelea kuwa maadui wa mkulima, na hakuna soko litakalofidia hasara ya mtama au mahindi yaliyoshikwa na kiduha. Gugu karoti, lililoripotiwa mkoani Arusha mwaka 2010, linavutia kwa maua yake madogo meupe, lakini husababisha muwasho na mzio kwa binadamu, na mifugo ikilila maziwa huwa machungu. Gugu hilo halifai kuchumwa wala kulishwa mifugo. Ling'olewe kabla ya kutoa maua, kwa mikono iliyovaa glavu.

Hatari nyingine ni kufananisha mimea. Mnanaha, ambao wengi wanaufahamu kwa jina la datura, huota katika mashamba yale yale na una sumu kali. Mwaka 2019 katika eneo la Karamoja, Uganda, watu watano walifariki na karibu 300 waliugua baada ya kula unga wa lishe uliokuwa umechafuliwa na sumu ya mimea ya jamii hiyo. Ikiwa unga uliopita kiwandani na maabara unaweza kuchafuka, mchumaji asiyeujua mmea vizuri hana kinga yoyote. Hata mnafu wenyewe hauliwi ovyo. Matunda yake mabichi huwa na sumu, na desturi ya kuchemsha majani na kumwaga maji ya kwanza ina maana yake.

Mahali pa kuchuma nako kunahusika. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu mboga za majani zilizostawi kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, jijini Dar es Salaam, ulikuta madini mazito ndani yake. Jani la mtaroni linafanana kabisa na jani la shambani, na mteja hana namna ya kutofautisha. Vivyo hivyo kwa shamba lililopuliziwa dawa. Mboga iliyojiotea katika shamba lililopigwa dawa ya magugu siku chache zilizopita haina dalili ya haraka, na mchumaji asiye mwenye shamba hajui. Biashara hii ikitaka kukua, uaminifu wa mahali bidhaa ilipotoka utakuwa mtaji wake wa kwanza.

Nani atafaidika?

Swali kubwa kuliko yote ni la mgawanyo. Mboga za kujiotea zina sifa moja ambayo mazao mengine hayana: hazina mwenyewe. Katika vijiji vingi mwanamke asiye na shamba, mjane au msichana anaruhusiwa kuchuma mgagani au mchunga katika shamba la jirani bila kulipa, kwa sababu jirani anaona anasaidiwa palizi. Huo ni mfuko wa hifadhi ya jamii usio na ofisi wala fomu.

Mfuko huo unaweza kufungwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni dawa ya magugu. Mkulima anayenunua dawa anapiga hesabu ya lita na vibarua aliowaokoa, na kwa upande wake hesabu hiyo inaweza kuwa sahihi kabisa. Lakini mboga zilizokufa hazikuwa zake peke yake. Kwa lugha ya uchumi, hasara imehamia kwa mtu ambaye hakuulizwa. Ya pili ni mafanikio yenyewe. Mboga inapopata bei nzuri mjini, ruhusa ya bure hupungua, na si mara moja zao lililokuwa la akina mama limehamia kwa akina baba lilipoanza kuleta fedha. Wale waliolitunza jina la mmea, wakati wa kuchuma na namna ya kupika ndio wanaoweza kuachwa nje ya lango.

Hakuna haja ya kupiga marufuku dawa wala kuzuia soko. Yapo mambo madogo yanayowezekana. Mkulima anayetumia dawa anaweza kuacha mistari michache ya pembezoni bila kupulizia na kuwaeleza wachumaji ni ipi. Maofisa ugani wanaweza kuongeza safu moja katika daftari la mafunzo ya hesabu za shamba, safu ya mazao ya kujiotea, ili mkulima aone faida au hasara kabla ya kununua dawa. Vikundi vya akina mama vinaweza kuzalisha mbegu za mnafu na mgagani chini ya utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora, unaojulikana kama QDS, ambao unamruhusu mkulima mdogo kuuza mbegu katika eneo lake bila masharti yote yanayowekwa kwa kampuni. Mbegu ndiyo inayokaa na aliyeizalisha hata kama ruhusa ya kuchuma bure itatoweka.

Kwa upande wa takwimu, mahojiano ya kaya mara nyingi humuuliza mkulima alipanda nini. Swali hilo peke yake haliwezi kuikamata mboga ambayo hakuna aliyeipanda. Likiongezwa swali la pili, kwamba alichuma nini, serikali na halmashauri zitaanza kuona uchumi ambao umekuwa ukilisha kaya za vijijini kwa miaka mingi bila kuandikwa.

Msimu ujao wa masika utakapofika, vibarua watapewa majembe na mafundi wa pampu watapewa dawa kama ilivyo kawaida. Mkulima anayetaka kujua anapoteza nini hahitaji mtaalamu kutoka mjini. Kabla ya palizi ya kwanza, apite shambani na mtu anayezijua mboga, ahesabu mafungu, aulize bei sokoni na aandike. Kama jibu ni sifuri, apalilie bila wasiwasi. Kama si sifuri, atakuwa na zao moja zaidi ambalo hakulinunulia mbegu.